Bia ya kwanza ya nyumbani ikienda mrama, tafuta kosa hapa

Wanaojitengenezea bia nyumbani hapa Pwani si wengi, lakini karibu wote huniuliza swali moja baada ya jaribio la kwanza: imeharibika, au bado? Wengine huniletea chupa niionje. Wengine hunitumia picha ya utando mweupe unaoelea ndani ya ndoo, saa tano za usiku, wakitaka jibu kabla ya kulala. Nimezionja za kutosha, kuanzia Likoni hadi Malindi, kujua kwamba makosa yenyewe ni machache na yanajirudia. Makala haya ni ya mtu ambaye tayari ana ndoo yake pembeni mwa jikoni na imemtia wasiwasi. Anayetaka kufundishwa kupika kuanzia mwanzo itambidi atafute maelezo mengine.

Kabla ya hapo, mambo mawili. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu hawanywi kileo, kwa dini au kwa hiari yao, na simshawishi mtu abadili msimamo. La pili ni sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza pombe, na utoaji wa leseni sasa ni kazi ya serikali za kaunti. Ulizia ofisi ya leseni za vileo ya kaunti yako kwanza. Usiuze hata chupa moja kwa jirani ukidhani ni urafiki tu, na wala usimpe aliye chini ya miaka 18.

Bia si mnazi

Mtu wa Pwani anapotengeneza bia kwa mara ya kwanza huwa na elimu ya mnazi kichwani, hata kama hajawahi kupanda mti. Anajua kwamba mgema hushusha tembo asubuhi na jioni, na kwamba tembo hilo huchachuka lenyewe. Hakuna anayelitia hamira, wala hakuna anayechemsha kibuyu. Tembo tamu la asubuhi huwa kali kufikia jioni, kesho yake uchachu wake husikika ulimini, na likiachwa siku kadhaa huwa siki. Hilo halimsumbui mtu kwa sababu tembo hunywewa siku iyo hiyo. Bakteria wa uchachu wamo ndani yake tangu mwanzo, ila mnywaji huwatangulia.

Bia haina mbio hizo. Maji matamu ya kimea hukaa ndani ya ndoo wiki mbili, kisha ndani ya chupa wiki mbili nyingine. Kijidudu kilichoingia siku ya kwanza kina mwezi mzima wa kuzaana. Tena hamira iliyochaguliwa kwa ajili ya bia ina joto inalolipenda, tofauti na jamii ile ya hamira za porini zinazomshughulikia mgema wetu juani bila kulalamika. Sehemu kubwa ya bia mbovu nilizoonja imetokana na mtu kuitendea bia kama tembo: vyombo vya kusuuza tu, joto lolote, na haraka ya kunywa.

"Haitoi mapovu"

Lalamiko la kwanza hufika baada ya siku moja. Kile kidude cha maji kilicho juu ya mfuniko, kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, kimenyamaza, na mwenye ndoo anadhani hamira imekufa. Mara nyingi haijafa. Hamira kavu huhitaji saa 12 hadi 24 kabla ya kuonyesha kazi, na wakati mwingine huvuka saa 48. Pia mifuniko ya ndoo za plastiki huvuja pembeni, gesi ikapita huko badala ya kwenye kidude. Mulika kwa tochi ubavuni mwa ndoo. Ukiona pete ya povu chafu la rangi ya kahawia juu ya usawa wa maji, kazi imeanza au hata imekwisha. Kwenye joto letu kazi kubwa inaweza kumalizika ndani ya siku mbili au tatu, na wapo waliokuwa safarini Nairobi wakarudi wakadhani haikuanza kabisa.

Kama saa 72 zimepita na hakuna pete wala harufu, basi tafuta sababu mbili. Ya kwanza ni kumwaga hamira kwenye maji ya kimea yaliyo moto bado. Sufuria ya lita 20 ikiachwa tu jikoni mwetu haipoi kwa saa kadhaa, na mtu huchoka kusubiri. Hamira ikikutana na nyuzi 45 au 50 inakufa. Itumbukize sufuria kwenye karai la maji yenye barafu, koroga maji ya karai, na usitie hamira mpaka sufuria ukiishika kwa nje isikuonyeshe joto lolote. Ya pili ni hamira iliyokufa kabla haijakufikia. Hamira ni kitu hai. Pakiti iliyoshinda kwenye buti la basi juani, au iliyokaa miezi dukani bila friji, huenda ikawa na mabaki tu. Ukiipokea itie kwenye friji, na siku ya kupika itie kwanza kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, pamoja na chembe ya sukari. Isipotoa povu kwa nusu saa, usiitumie.

Hapo ndipo watu huniuliza kama hamira ya mandazi inafaa. Itachachusha, maana ni ndugu wa ile ya bia. Lakini haitulii chini vizuri, na bia hubaki na ukungu na ladha ya unga wa ngano. Ni afadhali kuliko kuiacha ndoo bila hamira, basi.

Ukinunua kifaa kimoja tu cha ziada kiwe haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo. Maji safi husoma 1.000. Bia ya kawaida kabla ya kuchachuka husoma kama 1.048, na ikimaliza husoma karibu na 1.012. Toa ya pili kutoka ya kwanza, zidisha kwa 131, nawe unapata kiwango cha kileo: hapa ni asilimia 4.7 hivi. Tazama maandishi kwenye kipimo chako, kwani vingi vimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 zetu husoma chini ya ukweli kwa nukta 0.002 hadi 0.003. Ni tofauti ndogo, ila utaiona tena tukifika kwenye chupa.

Joto

Hapa ndipo bia nyingi za Pwani huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pakiti ya hamira ya kawaida ya wanaoanza imeandikwa nyuzi 18 hadi 22. Mombasa wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 31 na usiku haushuki sana chini ya 24. Isitoshe, uchachukaji wenyewe hutoa joto, na ndani ya ndoo huwa nyuzi tatu hadi tano zaidi ya chumbani. Kwa hiyo ndoo iliyowekwa chini ya meza ya jikoni Kisauni mwezi wa Machi inachachuka kwenye nyuzi 35 bila mwenyewe kujua. Hamira haifi hapo. Inafanya kazi kwa kasi ya wazimu, na inatoa vitu ambavyo isingetoa ikiwa imetulia.

Utavitambua kwa pua. Harufu ya ndizi mbivu ni dalili ya joto la kadiri, na kama ni kidogo sioni haja ya kulalamika. Bia za ngano za Ujerumani zinatakiwa ziwe nayo. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni habari nyingine. Pamoja nayo huja mchomo kooni ambao watu huuita ukali wa pombe, wakijisifu kwamba bia yao ina nguvu. Ukiipima unakuta ni asilimia 4 au 5, kama nyingine yoyote. Mchomo huo unatoka kwenye pombe nzito zinazozalishwa na hamira iliyopata joto, na nyingi mno hukera kichwa kesho yake. Kwa kosa hili sijaona dawa. Nimeshawaona watu wakizika chupa kabatini miezi mitatu wakitumaini zitatulia, na walipozifungua zilikuwa vilevile.

Kinga ipo, na haihitaji mashine. Weka ndoo ndani ya karai kubwa au beseni, jaza maji hadi nusu ya ndoo, kisha izungushie leso kuukuu ambayo pindo lake limezama majini. Ni hekima ileile ya mtungi wa udongo: maji yakiondoka kwa mvuke huondoka na joto. Lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo leso peke yake, bila feni, haifanyi muujiza inaoufanya kule bara kwenye ukavu. Kazi kubwa hufanywa na barafu. Jaza maji chupa nne za plastiki za lita moja na nusu, mbili ziwe zimegandishwa wakati mbili ziko ndani ya karai, na uzibadilishe asubuhi na jioni. Zikiyeyuka haraka mno, ongeza ya tatu adhuhuri. Siku tatu za kwanza ndizo zenye uzito, kwa kuwa ndipo ladha inapoumbwa. Stima ikikatika siku ya tano usipoteze usingizi.

Njia ya pili ni kuuheshimu msimu. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, usiku wa Pwani hupoa hadi karibu nyuzi 21 au 22, na karai lenye chupa mbili linatosha kabisa. Anayepika mara moja kwa mwaka achague Julai.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: tafuta hamira inayopenda joto. Wakulima wa magharibi mwa Norway, maeneo kama Voss, wamehifadhi kwa vizazi hamira ya nyumbani iitwayo kveik, wakiikausha juu ya vitambaa au pete za mbao na kurithishana. Ajabu ni kwamba hamira hiyo ya nchi ya theluji huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, kwa sababu wakulima hao waliitia kwenye kimea kikiwa bado na joto kama la mwili wa mtu. Siku hizi huuzwa kavu kwenye pakiti na inaagizwa kwa mtandao. Kuna jirani yangu wa Mtwapa aliyemwaga mipiko miwili kwa sababu ya mchomo wa kooni. Wa tatu aliutia kveik, ndoo ikashinda kwenye nyuzi 34, na bia ikatoka safi, na harufu ya mbali ya chungwa.

Nao wanaotaka kuanza na kitu kinachofanana na Tusker, nawaomba wasubiri. Tusker ni laga, na hamira ya laga hutaka nyuzi 8 hadi 13, kisha wiki kadhaa za kukaa kwenye baridi kali. Bila friji ya peke yake utapata harufu ya mayai viza na hasira.

Maji ya mfereji, ya kisima na ya mkokoteni

Bia zaidi ya asilimia 90 ni maji, na maji yetu yana mambo yake. Ikiwa bia ina ladha ya plasta ya kidonda au dawa ya hospitali, nyuma ya ulimi, haiondoki hata ukila kitu, mshukiwa ni klorini. Ikikutana na vitu fulani vya kimea na hamira hujenga ladha hiyo, na kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu ndoo nzima. Huingia kwa milango mitatu. Maji ya mfereji yana klorini. Maji ya mtungi kutoka kwa mkokoteni huenda yalitiwa matone ya dawa na mwenye kuyauza au na wewe mwenyewe. Na mlango wa tatu, unaosahaulika, ni Jik iliyotumiwa kuoshea ndoo na haikusuuzwa vya kutosha.

Wanaotumia kimea cha maji, kile kizito kama asali, huchemsha lita saba au nane na kujazia zilizobaki moja kwa moja kutoka kwenye mfereji. Hapo wameingiza klorini na vijidudu kwa pamoja. Chemsha maji yote siku moja kabla, dakika 20, bila mfuniko, na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi. Kidonge cha metabisalfaiti, wanachotumia watengenezaji wa divai, huondoa klorini papo hapo pia.

Chumvi ya kisima ni shida nyingine, nayo haichemki ikaondoka. Kama chai ya maji hayo huionei raha, usipikie bia. Maji ya mvua yaliyochemshwa ni bora zaidi, mradi paa na tangi ni safi na hukuyakinga siku ya mvua ya kwanza.

Utando na uchachu

Ile picha ya saa tano usiku. Kwanza tenganisha povu na utando. Povu la hamira hata likiwa na madoa ya kahawia na kijani cha maua ya hopsi, hata likinuka mkate, ni la kawaida, na mara nyingi hushuka ndani ya wiki. Utando wa ugonjwa huja baadaye, povu likishatulia: ngozi nyembamba nyeupe yenye mikunjo, au visiwa vya unga vyenye viputo vikubwa chini yake. Ukiona manyoya ya kijani au meusi, ni kuvu. Kuvu haina mjadala. Mwaga.

Utando bila manyoya si sumu. Kileo, uchungu wa hopsi na asidi ya bia huwazuia bakteria wanaoleta maradhi wasistawi humo, kwa hiyo swali lililobaki ni la ladha. Onja kijiko. Uchachu laini kama wa maziwa ya mgando umetoka kwa bakteria wa maziwa, na wapo wanaoupenda. Uchachu mkali unaopanda puani ni siki, na siki haiwezi kufanyika bila hewa. Maana yake mfuniko ulikuwa wazi, au ulikuwa ukiufungua kila siku kuchungulia.

Kuhusu asili ya vijidudu hivyo, nimekuta majibu yaleyale. Ndoo iliyosuguliwa kwa waya wa sufuria ina mikwaruzo ambayo hakuna dawa inayofika ndani yake. Koki ya ndoo haikufunguliwa ikaoshwa vipande vipande. Mpira wa kuhamishia bia ulihifadhiwa na maji ndani. Kilifi nilikuta kijana aliyetumia jerikeni ambalo miaka yote lilibeba mnazi wa babake. Aliliosha kwa sabuni mara tatu, na bado bia ilikuwa siki siku ya tisa. Plastiki iliyowahi kubeba mnazi, achari au siki iachiwe kazi hiyo. Tena kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili: dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, na uchafu ukiondoka vijidudu bado vipo. Kila kinachogusa bia baada ya kuchemshwa kinahitaji zote mbili.

Bia tamu iliyogoma

Haidromita imesimama 1.020 wiki nzima. Kwanza zungusha ndoo taratibu, bila kumwagika, ili hamira iliyolala chini iamke. Kama umeloweka kimea cha nafaka mwenyewe, kumbuka joto la kulowekea: nyuzi 65 hadi 68 hutoa sukari inayochachuka, zaidi ya 70 hutoa ile ambayo hamira haiwezi kuila, na hapo hakuna cha kuamsha. Kunywa ikiwa tamu.

Wanaonunua kimea cha mtama au wimbi cha busaa wakitumaini kuokoa pesa, wajue mtama una ugumu wake. Wanga wake hutaka joto kubwa ili ulainike, na joto hilohilo huua vimeng'enya vinavyougeuza sukari. Viwanda hutengeneza bia ya mtama, lakini vina vimeng'enya vya kuongeza na mitambo. Sufuria yako haina. Na usijaribu kulipia upungufu kwa kilo mbili za sukari ya dukani. Utapata kileo kingi ndani ya maji mepesi yasiyo na mwili.

Chupa zinazolipuka

Makosa ya juu yanakupotezea pesa. Hili linaweza kumpotezea mtoto jicho, na ndilo lililonifanya niandike.

Bia hupata gesi ndani ya chupa kwa kutiwa sukari kidogo ambayo hamira iliyobaki huila. Kipimo ni gramu 6 hadi 6.5 kwa lita, yaani gramu 120 hadi 130 kwa lita 20. Pima kwa mizani, chemsha kwenye kikombe cha maji, changanya kwenye ndoo nzima taratibu kabla ya kujaza chupa. Wanaotia kijiko kimoja kimoja kwa kila chupa wanabahatisha: chupa ya nusu lita inahitaji gramu 3 tu, na kijiko cha chai kilichofurika kinaweza kubeba mara mbili ya hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni kufunga chupa kabla bia haijamaliza. Nukta nne tu za haidromita zilizobaki, 0.004, zinakaribia kuzidisha gesi maradufu. Sasa kumbuka ile tofauti ya joto: mtu anasoma 1.010 kwenye nyuzi 30, anafurahi, kumbe ni 1.012 na zaidi. Kwa hiyo usitegemee namba moja. Soma leo, soma kesho kutwa, na kama haikusogea hata kidogo, funga. Ikiwa imeshuka, subiri tena siku tatu. Hamu ya kuonja haijawahi kulipuka.

Chupa zenyewe ziwe zile nzito za kahawia za nusu lita zinazorudishwa kiwandani, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka. Chupa za divai, za pombe kali na za sharubati hazikutengenezwa kubeba gesi. Katika kila mpiko jaza chupa moja ya plastiki ya soda; hiyo ndiyo askari wako. Ibonyeze kila asubuhi. Hapa kwetu, siku ya nne au ya tano huanza kukaza, na kufikia siku ya kumi huwa ngumu kama mpira. Ikiwa ngumu siku ya pili, kuna tatizo.

Ikitokea chupa moja imepasuka, usiende kuzishika nyingine. Watoe watoto chumbani. Funika kreti kwa blanketi zito au magunia yaliyoloweshwa, na uziache zipoe hadi usiku. Anayezihamisha avae miwani ya fundi, glavu nene na shati la mikono mirefu, na azitie kwenye friji zikiwa bado ndani ya gunia. Zikishakaa kwenye baridi kali siku nzima gesi hutulia, na unaweza kuinua vifuniko kidogo, moja baada ya nyingine, ukiwa umezifunga kwa taulo. Kama huna friji ya kutosha, ziache palepale zimefunikwa, zipasuke zenyewe. Hakuna bia inayostahili vidole vyako.

Tatizo la upande wa pili, bia isiyo na gesi, ni dogo. Mara nyingi ni subira ya siku kumi, au kifuniko kisichobana. Ile ya plastiki ikiwa ngumu na za kioo hazina gesi, kosa ni la mashine ya kufungia.

Harufu ndogondogo

Harufu ya kicheche ni jua. Mwanga ukigusa hopsi kupitia chupa nyeupe au ya kijani, dakika chache za jua la Pwani zinatosha. Ladha ya karatasi ya boksi ni hewa iliyoingia bia ilipomiminwa kwa kishindo; tumia mpira, ncha yake iguse chini. Tofaa bichi ni bia iliyoharakishwa, na siagi pia. Zote mbili hupungua ukiiacha juu ya hamira yake siku tatu au nne zaidi. Mahindi ya kuchemsha ni sufuria iliyofunikwa wakati wa kuchemka: saa nzima, mfuniko wazi.

Hofu ya kupofuka

Kila mara mtu hunong'ona: haitanipofusha? Hofu hiyo ina chanzo. Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine wakapoteza macho Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini methanoli hiyo ni kemikali ya viwandani, iliyoongezwa na watu ili kuongeza ukali. Kimea, hopsi, maji na hamira, hata zikiharibika vibaya, haziwezi kutoa kiasi hicho. Sharti ni usiongeze chochote, na usiichemshe bia mbovu kwenye mitambo ya changaa ili "kuiokoa".

Njia ya kuiokoa ile iliyochacha kabisa ni nyingine, na kila nyumba ya mnazi inaijua. Imimine kwenye chombo chenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa, weka kivulini mbali na ndoo zako nyingine, na ukiweza itie kikombe cha siki hai ya mnazi. Baada ya wiki sita hadi nane utakuwa na siki ya shayiri. Ina uchungu kidogo wa hopsi, kwa hiyo kwenye kachumbari siipendi sana, lakini kwa kulowekea papa kabla ya kumpika inafaa.